Waraka wa Tarehe Tano

Kuanzia mwezi huo, Idara ya Chanjo ilitangaza kwa furaha kubwa, hedhi zote katika eneo lake zitaanza tarehe tano, saa za kazi.

Tangazo lilibandikwa ukutani, kati ya lile la mwavuli uliopotea na lile linalokataza kubandika matangazo. Lilikuwa na nembo, namba ya kumbukumbu, na sahihi ya Mkuu wa Kitengo cha Madhara Madogo Madogo, bwana ambaye mji mzima ulimwita Bwana Kifungu, kwa sababu hata ukimuuliza saa alianza kwa kutaja kifungu. Walikuwepo waliocheka. Watu wa namna hiyo hawakosekani, hawajui kazi za ofisi, wanadhani mambo ya dunia hujiendea tu. Bwana Kifungu hakuwajali. Alisimama mbele ya tangazo lake, mikono nyuma, akalisoma mara mbili, akaona halina kosa hata la nukta.

Na wala lisingehitajika kama si ukaidi wa muuguzi mmoja.

Chanjo ilipoanza, turubai lilifungwa uani, mabenchi yakapangwa, na watu wakaja kwa wingi, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshawatia adabu mwaka uliopita. Aliyekuwa akichoma sindano ni Sista, mama mmoja mnene, mpole, mwenye mkono mwepesi. Baada ya wiki chache wanawake wakaanza kumrudia mmoja mmoja, wakimvuta pembeni. Huyu zimemchelewa siku nne. Yule zimemuwahi. Mwingine zimemjia nzito kuliko alivyozoea. Sista aliwaambia wote maneno yale yale: huwatokea baadhi ya wanawake, ni ya mwezi mmoja au miwili, hayafungi kizazi, na ukiona yamezidi njoo tukupime. Wakaondoka roho zimetulia.

Sasa Sista, badala ya kuendelea kusema mpaka koo likauke kama mtumishi mwema, akaona bora iandikwe. Akaiweka katika sentensi moja, akapanda nayo ngazi mpaka ofisi ya Bwana Kifungu.

"Hii nini?"

"Sentensi, mzee. Iingie kwenye kile kipeperushi cha chanjo."

Bwana Kifungu aliisoma. Alipofika kwenye neno "hedhi" masikio yakamwaka moto. Akainua kichwa, akautazama mlango kama umefungwa.

"Sista, karatasi hii ina nembo."

"Naiona."

"Na wewe unataka neno hilo likae chini ya nembo."

"Likae popote, mzee, mradi lisomeke."

Bwana Kifungu akachukua kalamu ya wino mwekundu, akaikata sentensi yote kwa rula, kwa kuwa alikuwa mtu wa unadhifu. Pembeni akaandika: *Itazua taharuki.* Akamrudishia karatasi yake, akamtakia kazi njema.

Taharuki ikajileta yenyewe. Watu walipoona ofisi imenyamaza, wakaisaidia kusema. Asubuhi kwenye bomba la maji ilisemwa kwamba chanjo inafunga vizazi. Mchana, saluni, ikawa inageuza damu. Kufika jioni, hata ambao hawajachanjwa zilikuwa zimeshawachelewa. Wiki ya pili mabenchi yakawa matupu, na Sista akawa anakaa peke yake chini ya turubai na kisanduku chake cha barafu, anafukuzia nzi kwa kipeperushi. Dozi ya pili ilikuwa haina wa kuipokea, na kule wodini wagonjwa wawili walikuwa wameshalazwa kwa ugonjwa ule ule. Akapanda ngazi tena.

"Mzee, watu watakufa kwa kukosa sentensi moja."

"Nitaunda kamati," alisema Bwana Kifungu. Hapo nani atasema mtu huyu hakuwajali wananchi?

Kamati ilikuwa ya watu watano: mwanasheria wa idara, mkuu wa karakana ya magari, mhandisi wa majengo, Bwana Kifungu mwenyekiti, na kwa upande wa utaalamu, daktari wa mifugo mstaafu, aliyeteuliwa kwa kuwa hakuna mtu mjini aliyewahi kuzalisha ng'ombe wengi kama yeye. Ilipoulizwa kama kuna haja ya mwanamke, ikaonekana hapana, kwa sababu mjadala unawahusu wao na mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Sista aliruhusiwa kukaa karibu na mlango, kwa sharti asiulizwe.

"Malalamiko ni kwamba zinachelewa," Bwana Kifungu alifungua kikao.

"Naomba kuuliza," alisema mkuu wa karakana. "Zinachelewa kutoka saa ngapi?"

Wakatazamana.

"Maana mimi nina magari kumi na moja pale nje. Gari lisilo na ratiba haliwezi kuchelewa. Linafika tu."

Mwanasheria alifumba macho kwa raha. "Hiyo ni hoja nzito sana."

"Kwa hiyo tatizo si chanjo," alisema Bwana Kifungu, na mwanga ukaanza kumwingia. "Tatizo ni ratiba."

"Ng'ombe ni siku ishirini na moja," alisema daktari wa mifugo.

"Tunamshukuru daktari kwa takwimu."

Sista akashindwa kuvumilia. "Jamani, kila mwanamke ana siku zake!"

"Ndiyo hiyo fujo tunayotaka kuiondoa," alijibu Bwana Kifungu kwa upole, akamwandika kwenye muhtasari kuwa ameunga mkono.

Ndipo ikapatikana tarehe tano. Tarehe moja hadi nne zilikataliwa kwa sababu ofisi huwa na ripoti za mwisho wa mwezi. Kila mwanamke aliyechanjwa angefika ofisini kati ya tarehe tano na kumi na mbili, ama athibitishe kwamba ameanza kwa wakati, ama ajieleze kwa maandishi, nakala tatu. Kwa ajili ya usiri, asingepokelewa na mtu yeyote ila Mkuu wa Kitengo mwenyewe.

"Na mwenye mimba je?" aliuliza mhandisi, ambaye ana watoto wanane na jambo hilo alikuwa amelisikia sikia.

Hapo Bwana Kifungu akaandika kile ambacho mpaka leo anakiona ni kifungu bora kuliko vyote alivyowahi kutunga. Kifungu cha nne: mwanamke aliyechanjwa asiyefika wala kujieleza atahesabiwa kuwa ni mjamzito, na atapelekewa barua ya pongezi. Wajumbe walipiga meza makofi. Kwa kalamu moja, mimba zote zingejulikana bila kumsumbua mtu kupimwa.

Fomu ikachapwa. Ilikuwa na jina, siku za kuchelewa, na sababu ya kuchelewa, ambapo mhusika angechagua kati ya safari, sherehe, uzembe na nyinginezo. Mwanzoni ilikuwa na sehemu ya umri pia, lakini cheo cha Mkuu wa Kitengo kilikuwa kirefu, hakikuenea kwenye mstari, na kati ya umri na cheo ilibidi kimoja kitoke.

Tarehe tano ilipofika, Bwana Kifungu alivaa tai, akanoa penseli sita, akakaa. Wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani, futi yake ya kitambaa ingali shingoni.

"Nimekuja kujieleza," alisema, akavuta kiti. "Sasa nianzie wapi? Kwenye rangi?"

"Siku tu, mama. Siku zinatosha."

"Hapana, baba, umesema tujieleze. Mimi huwa siku ya kwanza ni kidogo tu. Lakini safari hii, weee! Nimekaa kwenye cherehani nashona gauni jeupe la bibi harusi, mara nasikia..."

"Mama, nimeandika 'nyinginezo'."

"Andika yote. Mtu ukinieleza mkono wa gauni halafu nikaandika 'nyinginezo' utalivaa?"

Akaeleza dakika arobaini. Bwana Kifungu aliandika huku anatazama dirishani, shingo imeloa jasho. Nyuma ya fundi kulikuwa na wengine ishirini na saba, na hawa nao hawakuwa na haraka, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza ofisi yoyote kuwauliza. Jioni hiyo alikwenda nyumbani ameshika ukuta. Lakini aliandika. Hakuruka hata mmoja, siku zote nane, na rejista yake ikajaa kurasa kwa mwandiko mzuri ulionyooka. Mtu umlaumu kwa lolote, kazi alikuwa anaifanya.

Na kulikuwa na jambo jingine lililompa nguvu, ambalo hakumwambia mtu. Mkewe hakuja kujieleza.

Walikuwa wameoana miaka saba. Katika miaka hiyo mkewe alikuwa amepima mimba mara nyingi, na kila mara jibu likawa hapana, mpaka akafika mahali pa kuichukia hata ile harufu ya maabara. Naye alikuwa amechanjwa, mapema kabisa, kwa kuwa ni mke wa ofisa na inabidi aonekane. Mwezi huo zilipochelewa siku tatu hakusema kitu. Siku ya sita aliacha kubeba ndoo kichwani. Siku ya nane Bwana Kifungu alimkuta anaimba jikoni, na hakuwa amemsikia akiimba tangu walipohamia nyumba ile. Hakuuliza. Alihesabu tu vidoleni chini ya meza, akakumbuka kifungu cha nne, akahesabu tena.

Tarehe kumi na tatu zikatiwa sahihi barua za pongezi mia tatu na tisa. Mia tatu na nane zilikwenda kwa tarishi. Moja aliibeba mwenyewe kwenye mkoba, akaiweka mezani wakati wa chakula cha jioni, kando ya sahani ya mkewe.

Mkewe aliifungua, akaisoma, akairudia tangu juu.

"Hii ni kweli?"

"Ni rasmi," alisema Bwana Kifungu, na machozi yalikuwa yanamlenga.

Mkewe akaiweka barua chini, akainyoosha kwa kiganja. "Niambie basi, mume wangu. Wewe uko huko huko kwenye chanjo. Hakuna namna chanjo yenyewe ikachelewesha? Nimesikia wanawake wanasema, lakini wanawake wanasema mengi. Nakuuliza wewe."

Hapo palikuwa na nafasi. Sentensi ya Sista alikuwa anaikumbuka, maana mtu huikumbuka sana sentensi aliyoikata kwa rula. Rejista iliyojaa alikuwa ameifunga kabatini mchana ule ule. Lakini mkewe alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuyaona miaka saba, na Bwana Kifungu akajibu kwa lugha pekee iliyokuwa imemkaa mdomoni.

"Idara haina taarifa ya jambo hilo."

Mkewe akacheka kwa furaha, akamwongezea chakula.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, foleni ilikuwa imetoka mlangoni mwa ofisi, imeshuka ngazi, imefika kwenye turubai la Sista. Kila mmoja ameshika barua ya pongezi. Alikuwepo mwalimu mkuu mstaafu. Walikuwepo mabibi wawili wenye fimbo. Na wa mbele kabisa, amekaa kwenye kiti cha wageni na kitambaa chake cha kichwa cha kutokea, alikuwa mama mzazi wa Bwana Kifungu, miaka sitini na tisa, aliyechanjwa katika kundi la wazee.

"Mama! Kulikoni huku?"

"Nimekuja kliniki. Si umeniita?" Akamkabidhi barua. "Hebu nisomee, mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri. Jirani alinisomea jana, akacheka mpaka akakaa chini."

Bwana Kifungu alitazama foleni. Foleni ilimtazama.

"'Idara inakupongeza kwa dhati kwa ujauzito wako...'"

"Paza sauti, na wa nyuma wasikie. Endelea hapo kwa baba."

"'...na inakutaka ufike ukiwa umeambatana na baba wa mtoto.'"

"Sasa baba yako huu mwaka wa kumi na mbili yuko kaburini. Nikamfukue, au utapokea maelezo yangu peke yangu?"

Kicheko kilianzia mlangoni kikateremka ngazi zote.

"Mama, hiyo ni hitilafu ya kiufundi."

"Hitilafu gani na sahihi ni yako? Mimi nakupa hongera. Tangu uko darasa la pili unanililia nikuzalie mdogo wako. Haya, serikali imekusikia."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Bwana Kifungu alitafuta kifungu akakikosa. Ndipo fundi cherehani, aliyekuwa wa pili na ambaye naye alikuwa amepewa hongera licha ya zile dakika arobaini, akasogea pembeni kumpisha mtu aliyekuwa nyuma yake. Kicheko kikakatika. Alikuwa mkewe Bwana Kifungu.

"Wewe umefuata nini huku?" alimuuliza kwa sauti ya chini. "Ungenisubiri tu nyumbani."

"Maelezo hutolewa ofisini. Ndivyo mlivyoandika." Akaweka barua yake mezani, imekunjwa mara nne. "Zimekuja asubuhi, ulipotoka tu."

Bwana Kifungu alishika kalamu kwa sababu hakujua ashike nini kingine.

"Pole," alisema.

"Andika kwanza."

"Siku za kuchelewa?"

"Kumi na moja. Nilizihesabu zote, moja moja."

"Sababu?"

"Chanjo. Sista amenieleza sasa hivi pale kwenye benchi. Ameniambia hutokea, hupita, na kizazi hakijaguswa. Ni maneno machache tu, hayakumaliza hata dakika. Nikamuuliza kwa nini hamkuyaandika mahali, akanipa hii."

Akatandaza karatasi yenye sentensi moja, iliyokatwa kwa wino mwekundu, mstari umenyooka kabisa.

"Hakunitajia jina la mtu," alisema mkewe. "Lakini namjua mtu mmoja tu anayekata kwa rula, hata orodha ya sokoni."

"Sikutaka kuzua taharuki."

"Siku kumi na moja nilikuwa mama. Nilikuwa nimeshamchagulia jina. Jana nilikuuliza mezani, si Idara, nilikuuliza wewe." Akaikunja barua ile mara ya tano. "Ungeniambia, ningengoja kama wenzangu. Nisingeimba."

Bwana Kifungu aliinamisha uso. Aliumia, na aliona haya, na kwa mara ya kwanza vitu hivyo viwili havikuwa na namba ya kumbukumbu. Mama yake akainuka kitini, akamkalisha mkwewe pale alipokuwa amekaa yeye, akamshika bega.

Fundi cherehani alikuwa ameshaichukua ile karatasi, anaisoma chini ya wino mwekundu, midomo inacheza.

"Ngoja. Kumbe ndiyo hivi tu? Mwezi mmoja au miwili, basi?" Akawageukia wenzake. "Na mimi nimeikimbia dozi ya pili kwa hili? Jamani, si mngesema!" Akashuka ngazi na karatasi mkononi, anawasomea walioko chini kwa sauti ya mnadani, na wote waliokuwa bado wanadaiwa dozi wakaanza kuhama foleni ya ofisi kwenda kukaa kwenye mabenchi ya Sista. Sista aliweka kipeperushi chini, akanawa mikono.

Ofisini walibaki watatu. Mkewe alifuta macho kwa kiganja, akavuta fomu mpya kutoka kwenye rundo, akaisukuma mbele ya mumewe.

"Haya. Jaza yako."

"Yangu? Mimi fomu hii hainihusu, mke wangu. Mimi sina..."

"Katika mji huu mzima aliyechelewa ni wewe."

Alitafuta kifungu cha msamaha. Hakikuwepo, maana waraka aliutunga mwenyewe na alihakikisha haukwepeki. Akaandika jina. Akaandika cheo, na cheo kikaenea vizuri sana kwenye mstari. Kwenye siku za kuchelewa alifungua faili, akatazama tarehe aliyoikata ile sentensi, akahesabu, akaandika hamsini na nane. Halafu akafika kwenye sababu: safari, sherehe, uzembe, nyinginezo.

Kalamu ikasogea kwenye "nyinginezo". Mama yake akakohoa.

Kalamu ikarudi nyuma, ikaweka alama kwenye "uzembe". Mama akanyanyua muhuri, akauhemea, akaugandamiza kwenye karatasi kwa mikono miwili.

"Nakala tatu," alisema mkewe, akiinuka kwenda. "Moja uibandike pale ukutani, juu ya ile ya tarehe tano."